Bia Kali Hupimwa Kabla ya Moto

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo hutumiwa kwa mtu aharibuye kazi yake kwa kulevywa na sifa. Leo twaitwaa kwa maana yake ya wazi, yaani maana ya kinywaji na maji. Kwa maana wako wapika pombe wengi waaminifu, wasiotaka kumpunja mtu, ambao tembo lao hutiwa maji pasipo wao wenyewe kujua. Hao ni wale wapikao bia kali majumbani mwao kwa nafaka tupu, na maji yawaharibiayo kazi huingia kwa mlango wa hesabu.

Sanaa ya kupika bia nyumbani imeenea sana katika nchi za Ulaya na Marekani. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1963 mtu hahitaji leseni ili apike bia ya kunywa nyumbani kwake. Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya kuondoa kodi ya bia ya namna hiyo katika mwezi wa Oktoba, 1978. Katika nchi nyingine sheria ni tofauti, na ni wajibu wa kila raia, na zaidi wa kila askari, kuijua sheria ya mahali anapokaa kabla ya kuwasha moto. Aidha, ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuzungumzii pombe ya kukeneka kwa mvuke. Hiyo ina sheria zake na hatari zake. Tunazungumzia bia iliyochachuka tu, ambayo ukali wake hutokana na wingi wa nafaka.

Huenda msomaji akauliza, je, jambo hili lawahusu nini askari wa jeshi na wa polisi? Lawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, ni habari ya kulenga shabaha. Askari hufundishwa kuirekebisha bunduki yake kabla ya kufyatua, kwa sababu risasi iliyokwisha toka haiitiki ikiitwa. Pili, ni habari ya kujua kilichomo ndani ya kikombe, na kwa mtu aliyekabidhiwa silaha au gari la umma jambo hilo si dogo.

UZITO NI NINI?

Kimea si kitu kigeni kwetu. Wanawake wa Teso huulowesha ulezi, wakauacha uchipue, kisha wakaukausha na kuutumia katika kupika ajono, ambayo wengi huiita malwa na kuinywa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Wazungu hufanya vivyo hivyo kwa shayiri. Nafaka inapochipua, hujitengenezea vimeng'enya, yaani vitu viwezavyo kugeuza wanga kuwa sukari. Kimea hicho kikiparazwa na kulowekwa katika maji yenye joto la digrii 64 hadi 67 kwa muda wa saa moja au saa moja na nusu, wanga wake hugeuka sukari, na maji huwa matamu. Maji hayo matamu ndiyo tutakayoyaita maji ya kimea. Huchujwa, huchemshwa pamoja na maua machungu ya hopi, hupozwa, kisha hutiwa hamira ili yachachuke.

Maji ya kimea ni mazito kuliko maji matupu kwa sababu ya sukari iliyomo. Maji matupu huhesabiwa kuwa na uzito wa 1.000. Maji ya kimea ya bia ya kawaida huwa na uzito wa 1.045 hivi, na wapika pombe husema kwa kifupi kwamba yana alama 45. Bia kali huanzia alama 70 na kupanda hata kupita 100. Wajerumani hutumia kipimo chao cha digrii za Plato, na bia yao iitwayo Doppelbock huanzia digrii 18, ambazo ni sawa na alama 74 hivi. Chombo cha kupimia ni haidromita, kijiti cha kioo kieleacho wima ndani ya maji. Maji yakiwa mazito, chombo huelea juu zaidi, na namba husomwa pale uso wa maji unapokigusa.

Zamani wapika bia wa Uingereza walikisia nguvu ya bia kwa ulimi, kwa macho na kwa mazoea. James Baverstock, mpika bia wa mji wa Alton, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia haidromita katika kazi hiyo katika karne ya 18. Mwaka 1784, John Richardson alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kuhesabu nguvu ya bia kwa chombo hicho. Mara vipimo vikafichua siri. Kimea cha kahawia, kilichopendwa kwa kuwa cha bei nafuu, kilionekana kutoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe. Hivyo kile kilichodhaniwa kuwa rahisi kilikuwa ghali, na wapika bia wakaanza kukihama.

Serikali nayo ikakiona kipimo hicho. Mwaka 1880, William Gladstone aliifuta kodi ya kimea nchini Uingereza na kuweka kodi iliyofuata uzito wa maji ya kimea. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nafaka ilipohitajiwa kwa mikate, wastani wa uzito wa bia ya nchi hiyo ulishuka kutoka alama 52 hivi mwaka 1914 hata kufikia alama 30 hivi mwaka 1918. Askari aliyerudi kutoka mahandakini alikuta jina la bia yake ni lile lile, lakini nguvu zake zimepungua karibu kwa nusu.

HESABU YA KARATASI

Sasa na tuingie katika kazi yenyewe. Tuseme mpika pombe anataka kupata lita 20 za maji ya kimea yenye alama 90, tayari kwa kutiwa hamira. Huzidisha lita kwa alama, naye hupata 1,800. Hiyo ndiyo jumla ya sukari anayoihitaji, na jumla hiyo ndiyo ufunguo wa hesabu zote zinazofuata.

Kilo moja ya kimea cheupe cha shayiri, kama ingekamuliwa pasipo kuacha kitu, ingetoa karibu alama 300 katika lita moja ya maji. Lakini hakuna mpika pombe wa nyumbani apataye yote. Katika bia ya kawaida yule mwenye vyombo vizuri hupata robo tatu, yaani 225 kwa kila kilo. Kwa lita 20 za alama 45 huhitaji jumla ya 900, na kilo 4 humtosha. Basi, akitaka kupika bia yenye uzito mara mbili, hujiambia kwamba kilo 8 zitatosha. Karatasi yakubali. Pipa lakataa.

Siku ya kazi hupata alama 72 badala ya 90. Hushangaa, akamlaumu mwuza kimea, au akalaumu maji, au haidromita. Kumbe kosa limo katika kudhani kwamba mzigo ukiongezeka mara mbili, pato nalo litaongezeka mara mbili. Katika bia kali kimea hakitoi robo tatu tena. Mara nyingi hutoa sehemu sita tu kwa kumi, yaani 180 kwa kilo. Kilo 8 mara 180 ni 1,440, na 1,440 kwa lita 20 ni alama 72. Ili apate 1,800 alihitaji kilo 10.

CHANZO CHA UPUNGUFU

Kwa nini kimea kile kile kitoe kidogo? Sababu yake ni maji ya kusuuzia. Baada ya maji ya kwanza kuchujwa, mpika pombe humwagia machicha maji moto mengine ili kuisuuza sukari iliyosalia. Lakini sufuria yake haikukua kwa sababu bia ni kali. Katika mfano wetu, ikiwa moto hupunguza lita 4 kwa saa, na kuchemsha kwachukua saa moja na nusu, lita 6 zitapotea. Hivyo lazima aanze na lita 26, iwe bia ni nyepesi au ni kali.

Tena kila kilo ya kimea hunyonya na kuzuia karibu lita moja ya maji. Kwa kilo 4, maji yote yatakayotumika ni lita 30, yaani lita saba na nusu kwa kila kilo. Kwa kilo 10, ni lita 36, yaani lita tatu na sehemu sita tu kwa kila kilo. Aliyefua shati moja kwa ndoo nzima na aliyefua mashati matatu kwa ndoo ile ile hawawezi kutazamia weupe mmoja. Zaidi ya hayo, lita 10 zilizozuiwa ndani ya machicha ya bia kali ni tamu kweli kweli. Hapo ndipo sukari inapobaki.

Wanywaji wa malwa walijua jambo hili kwa ndimi zao. Maji moto ya kwanza yakitiwa chunguni hutoa kinywaji kikali. Yakiongezwa mara ya pili na ya tatu, kinywaji huendelea kupungua nguvu, ingawa chungu hakijabadilishwa. Wapika bia wa Uingereza wa zamani walijenga desturi yao juu ya jambo hilo hilo. Maji ya kwanza ya kimea waliyafanya bia kali, na maji ya baadaye wakayafanya bia ndogo ya kunywewa kila siku. Mpika pombe wa leo aweza kufuata mfano huo. Baada ya kukusanya lita zake 26, ayamwagie machicha maji moto mengine na kupika bia ndogo katika sufuria ya pili. Sukari aliyoilipia haitatupwa.

Ziko pia sababu nyingine za upungufu ambazo huzuilika. Kimea kilichoparazwa vibaya, chenye punje nzima nzima, huficha wanga wake. Nacho kikisagwa kuwa unga laini, huganda na kuziba chujio. Chenga zilizo sawa ndizo zifaazo. Tena pipa lazima litoshe. Kilo 10 za kimea pamoja na lita 26 za maji ya kulowekea hujaza karibu lita 33, na mwenye pipa la lita 25 ajue mapema kwamba hana nafasi. Kama wanga umegeuka wote au la, hujulikana kwa tone la dawa ya aidini juu ya maji ya kimea yaliyowekwa kwenye kisahani cheupe. Yakigeuka kuwa bluu nzito, wanga bado upo, na subira yahitajiwa. Maji hayo ya majaribio hutupwa na hayarudishwi pipani.

PIMA KABLA YA KUCHEMSHA

Hapa ndipo twafikia kiini cha makala yetu. Wengi hupima baada ya kuchemsha na kupoza, wakati saa za kurekebisha zimekwisha. Mpika pombe mwenye nidhamu hupima maji ya kimea yakiwa yote sufuriani, kabla hayajaanza kuchemka. Moto huondoa maji na kuiacha sukari, kwa hiyo jumla ile ya 1,800 haibadiliki. Kwa lita 26, shabaha ya kabla ya kuchemsha ni 1,800 kugawanya kwa 26, yaani alama 69.

Kipimo chenyewe kina masharti yake. Maji ya kimea na yakorogwe vizuri kwanza, kwa kuwa yale ya mwanzo ni mazito nayo hukaa chini. Yachotwe kidogo na kupozwa mpaka digrii 20, joto ambalo haidromita nyingi za siku hizi zimetengenezewa. Katika digrii 60 chombo hudanganya kwa karibu alama 15, kikionyesha uzito mdogo kuliko ulio wa kweli, na kioo chenyewe chaweza kupasuka. Haidromita nayo ikaguliwe katika maji safi ya digrii 20, ambapo yapaswa kuonyesha 1.000. Wingi wa lita upimwe kwa fimbo iliyotiwa alama, si kwa kukadiria, huku ikikumbukwa kwamba maji yanayochemka hupungua karibu sehemu 4 kwa mia yakishapoa.

Tuseme sasa kipimo chaonyesha alama 60 badala ya 69. Lita 26 mara 60 ni 1,560. Upungufu ni 240, na hakuna sababu ya kufadhaika, kwa kuwa njia nne zi wazi.

Njia ya kwanza ni kuchemsha zaidi. 1,560 kugawanya kwa 90 ni lita 17 na kidogo. Akichemsha kwa muda wa saa mbili na dakika kumi hivi, atapata uzito autakao, lakini kwa lita chache na kuni nyingi, na bia itakuwa nyeusi zaidi.

Njia ya pili ni kuongeza unga mtamu wa kimea, yaani maji ya kimea yaliyokaushwa kiwandani. Gramu 650 hivi zatosha kuziba pengo la 240. Wapenda nafaka tupu huona haya kuitumia njia hii, lakini haina aibu. Mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, meli ya HMS Menestheus, iliyogeuzwa kuwa kiwanda cha bia kwa ajili ya wanajeshi wa Uingereza katika Bahari ya Pasifiki, ilipika bia yake yote kwa kimea kilichokolezwa na maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Kikosi chenye busara huwa na akiba nyuma ya mstari.

Njia ya tatu ni sukari ya kawaida, gramu 625 hivi. Hii huongeza kileo pasipo kuongeza utamu wa nafaka, na bia huwa nyepesi mdomoni. Wabelgiji huitumia kwa makusudi katika bia zao kali, lakini isipite kiasi.

Njia ya nne ni kukubali. 1,560 kwa lita 20 ni alama 78, nayo bado ni bia kali. Anayeichagua njia hii apunguze hopi kwa kadiri ile ile, ili uchungu usiushinde mwili wa bia.

Na ikiwa kipimo chazidi? Tuseme ni alama 75. Jumla yake ni 1,950, na kwa alama 90 hutoa karibu lita 21 na sehemu saba. Mpika pombe huongeza maji safi yaliyochemshwa, lita moja na sehemu saba, na kazi imekwisha. Kwa hiyo, anayepanga bia kali ni heri aelekee upande wa kuzidi, kwa kuwa pengo la sukari huzibwa kwa gharama, bali ziada huondolewa kwa maji. Mgema wa namna hiyo hatumlaumu, kwa sababu hutia maji kwa kipimo na kwa kujua.

DAFTARI NA DHAMANA

Kila siku ya kazi na iandikwe daftarini: kilo za kimea, lita zilizokusanywa, na alama zilizosomwa. Lita mara alama, kugawanya kwa kilo, hutoa pato la kila kilo kwa vyombo vyake mwenyewe. Namba hiyo ina thamani kuliko namba ya kitabu chochote. Lakini ile iliyopatikana katika bia nyepesi isitumiwe kupangia bia kali. Kila ukubwa wa mzigo una namba yake, kama kila umbali ulivyo na marekebisho yake katika uwanja wa shabaha.

Maji mazito ya kimea huielemea hamira. Bia ya alama 90 hutaka hamira kama mara mbili ya ile ya bia ya kawaida, nayo maji ya kimea yaliyokwisha poa yatiwe hewa ya kutosha kabla ya kuitia. Kisha subira. Bia isitiwe chupani mpaka haidromita ionyeshe namba ile ile kwa siku kadhaa, kwa maana chupa iliyofungwa kabla ya wakati huendelea kuchachuka ndani na yaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Bia iliyoanza na alama 90 na kumalizika kwa alama 22 imepoteza alama 68. Tofauti hiyo ikizidishwa kwa 0.131, hupatikana kileo cha karibu asilimia 9. Bia ya kawaida ya alama 45 huishia na asilimia 4 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba nusu lita ya bia kali ina kileo sawa na lita nzima ya ile nyingine, ilhali machoni pa mgeni ni nusu lita tu. Kahawa haikiondoi kileo hicho mwilini, wala maji baridi ya kuoga. Muda pekee ndio unaokiondoa.

Kwa sababu hiyo twasisitiza kwamba kupima si ubishi wa wasomi. Anayemkaribisha mwenziwe bia asiyojua nguvu yake amempa jambo asilolijua mwenyewe, na mwenziwe huyo huenda kesho alfajiri ashike usukani au zamu ya lindo. Kila chupa na iandikwe tarehe na asilimia yake. Mwenye zamu apite mbali nayo, na asiye na zamu anywe akijua kilichomo. Nanyi, ndugu zetu, mkipata haidromita mikononi, ipimeni kwanza katika maji matupu kabla ya kuiamini katika jambo lolote.